Kitabu Kilichopotea Kimo Humu Humu

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Bwana Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wanafunzi mnaoanza na mnaorudi, na nyinyi wenye beji za maktaba mliosimama huko nyuma, karibuni. Ukumbi una joto na mapangaboi mawili hayazunguki, kwa hivyo tuingie katika jambo lenyewe.

Kila muhula kaunta hupokea lalamiko lile lile: "Kompyuta inasema kitabu kipo, rafuni hakipo." Mwanafunzi huondoka akiamini kimeibwa. Mara nyingi hakijaibwa. Kimo humu humu ndani, rafu mbili kutoka mahali pake, au kimeangukia nyuma ya vingine, au kimelazwa juu ya kabati na mtu aliyedhani anatusaidia. Kitabu cha namna hii kina madhara kuliko kilichoibwa. Kilichoibwa mwishowe hufutwa kwenye katalogi na kununuliwa kingine. Hiki kinaendelea kujiita kipo, na kwa kuwa kipo, hakuna atakayeidhinisha pesa za kununua nakala ya pili. Mali bila daftari huisha bila habari, ndivyo tunavyoambiana. Sisi daftari tunalo, tena la kompyuta, lakini daftari na ghala vikishaacha kuafikiana, daftari lenyewe huwa ni la kupumbaza watu.

Agizo la muhula huu basi ni moja, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka shina hilo: ukimaliza kusoma kitabu, usikirudishe rafuni. Kiache juu ya meza, au kiweke kwenye toroli nyekundu iliyoko mwisho wa kila safu. Najua nyumbani mmefunzwa kurudisha kitu mlipokitoa, na ni adabu njema. Maktabani ni kinyume. Pana sababu mbili. Ya kwanza, atakayekirudisha amefunzwa namba. Ya pili ni kwamba vitabu vinavyokusanywa mezani hupitishwa kwenye skana kabla ya kurudi, ili mfumo uhesabu kwamba vimetumika humu ndani. Ukikirudisha mwenyewe, kitabu ulichokisoma siku nzima kitaonekana hakijaguswa tangu kiingie. Siku ya kuamua kipi kiongezwe nakala na kipi kitolewe kupisha vipya, chako kitahukumiwa kwa ushahidi huo.

Sasa namba zenyewe. Mpangilio tunaotumia ni wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Elimu yote imegawanywa kuanzia 000 hadi 999, na baada ya nukta namba hurefuka kadiri mada inavyozidi kuwa finyu. Hapo kwenye nukta ndipo watu wanapoteleza. Chukua 621.3815 na 621.39, zote za upande wa umeme na kompyuta. Mtu huona 3815 na 39, akasema elfu tatu na mia nane ni kubwa kuliko thelathini na tisa, akakiweka cha 3815 nyuma. Ameshaharibu. Tarakimu zilizo baada ya nukta hazisomwi kwa jumla, zinasomwa moja moja kutoka kushoto. Tatu kwa tatu, sare. Nane kwa tisa, nane ni ndogo. Hukumu imetoka, na zinazofuata hazina kauli tena. Ukibabaika, zijazie sufuri mkiani hadi zilingane urefu: 621.3815 na 621.3900. Hapo hata usingizini hukosei.

Rafu inayovurugika kuliko zote ni ya Kiswahili, na kosa si la wanafunzi wa Kiswahili. Dewey aliipa lugha ya Kiingereza namba kumi nzima zake, kuanzia 420 hadi 429, hata kamusi ya Kiingereza hukaa kwenye 423, tarakimu tatu na basi. Lugha za Afrika, karibu zote, zilisukumwa ndani ya 496 peke yake. Kiswahili kikaangukia 496.392, na kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza inabeba 496.392321, tarakimu tisa kwenye lebo isiyozidi upana wa kidole gumba. Sarufi ni 496.3925. Nani anatangulia? Linganisheni: hadi 392 ziko sawa, kisha tatu kwa tano. Kamusi inatangulia sarufi, japo namba yake ni ndefu kama mkia wa kishada. Ugawaji huo una dhuluma ndani yake, na wataalamu wamekwisha kuusemea, lakini maktaba zilizopangwa hivyo ni nyingi mno duniani, na kuibadilisha yetu peke yetu kungewafanya mpotee mkienda kwingine. Tuuseme ubaya wake, kisha tuusome barabara.

Jambo jingine kwa hao hao wa Kiswahili: lugha na fasihi haziko pamoja. Isimu, kamusi na sarufi ziko 496. Ushairi, riwaya na tamthilia ziko 896.392, ghorofa ya juu, karibu na dirisha la upande wa bahari. Anayetafuta mashairi ya Muyaka bin Haji wa mji huu huu wa Mombasa asihangaike chini. Na majina yetu ya Pwani yana mtihani wake kwenye katalogi, kwa sababu mkutubi mmoja huandika jina la mtu mwenyewe mbele na mwingine hutanguliza la ukoo. Andika Muyaka, usipompata, andika Haji, usipompata, jaribu la ukoo, al-Ghassany, kwa tahajia mbili tatu. Ndipo useme hayupo.

Nyinyi wafanyakazi wanafunzi, tusogeane kidogo. Kazi yenu ya kwanza kila zamu, kabla hamjagusa toroli, ni kuisoma rafu. Kila mmoja ana safu zake sita. Unaanza juu kushoto, unakwenda kulia hadi mwisho wa ubao, unashuka ubao wa pili wa kabati lile lile, hadi chini kabisa, ndipo unaingia kabati linalofuata. Wapo wanaovuka kabati zote kwa ubao wa juu, kisha wanarudi kwa wa pili, kama mtu anayesoma mstari mmoja kupitia kurasa kumi. Usifanye hivyo. Unapokuta kitabu siko, usikipeleke mara moja kwake. Kigeuze mgongo juu, endelea, ukimaliza safu ndipo ukusanye. Ukisimama kila mara, jicho linapoteza mfululizo na unaruka vitatu ili urudishe kimoja. Dakika 30 zinatosha kusoma safu mbili kwa makini. Baada ya hapo macho yanaona namba ila akili haizipokei, badilisha kazi.

Ubao usijazwe. Acha nafasi ya kiganja mkono wa kulia, na usimamishe kile chuma cha kuegemeza vitabu. Ubao uliobanwa ndio unaozaa migongo iliyochanika, kwa sababu anayetaka kitabu hukivuta kwa kidole kwenye ukingo wa juu, na ukingo huo ni karatasi na gundi tu. Njia ya kukitoa ni hii: sukuma vile viwili vya jirani ndani kidogo, chako kitabaki kimetokeza, kishike kiunoni, toa. Toroli nayo ijazwe kuanzia ubao wa chini, vizito chini, pande zote mbili sawa. Ukianza juu, kona ya kwanza tu itapinduka, na kamusi kubwa ikitua mguuni hutasahau.

Kaunta. Makosa manne yanarudi kila muhula, na yote yanazuilika. Kuna kupiga skana msimbopau usio wetu. Nyuma ya kitabu pana ule mstari mstari wa mchapishaji, unaoanza na 978. Kama kimechapishwa Kenya huenda kinafuatiwa na 9966 au 9914. Huo ni namba ya toleo, nakala zote elfu tano zinao. Wetu uko ndani ya jalada la mbele, na ndio unaotambulisha nakala moja. Mfumo ukisema hauijui namba, usikimbilie kusema umeharibika. Tazama umepiga wapi. Pili, kuacha akaunti ya mwanafunzi aliyetangulia ikiwa wazi. Anakuja wa pili, unapiga vitabu vyake, vinaandikwa kwa wa kwanza, na baada ya wiki mbili yule wa kwanza anadaiwa vitabu asivyoviona. Kila mtu akiondoka, futa skrini, ndipo uite anayefuata. Tatu, kusikiliza mlio badala ya kusoma skrini. Skana italia hata kama kitabu kinachorudishwa kina mtu anakingoja. Ujumbe wa kwamba kiwekwe kando unatokea kwenye skrini, haupigwi tarumbeta. Kisiporudi kwenye kabati la waliotangulia kuomba, kinapanda rafuni, na aliyengoja siku tisa anaambiwa kimeazimwa tena.

La nne ni zito. Kumbukumbu za nani ameazima nini ni siri ya mwenyewe. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na jina la mtu pamoja na anachokisoma vimo ndani yake. Rafiki yako akikuuliza nani ana kile kitabu ili amfuate hosteli, jibu ni hili: "Kimeazimwa, kinatarajiwa kurudi tarehe fulani, nikuwekee nafasi?" Basi. Hata mwalimu akiuliza, jibu halibadiliki. Na mnapotoka kaunta, hata kwenda kunywa maji, funga akaunti yako ya kazi. Faini iliyofutwa kwa jina lako itaulizwa kwako.

Kwa wote: mnaruhusiwa vitabu vinne kwa siku 14, na muda unaweza kuongezwa mara mbili kwa simu, maadamu hakuna anayekingoja. Vya muda mfupi, vile vyenye alama nyekundu mgongoni, havitoki nje ya jengo. Milango inafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tatu usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Ijumaa kaunta inasimama kutoka saa sita na nusu hadi saa nane kwa ajili ya Sala ya Ijumaa, ila ukumbi wa kusomea unabaki wazi. Kuazima hukoma robo saa kabla ya kufunga. Hatuongezi dakika, kwa kuwa wenzenu wa zamu ya usiku wengine wanavuka kwa feri ya Likoni na wengine wanangoja matatu ya Kisauni.

Nije kwenye adui yetu mkubwa baada ya upotevu, naye ni unyevu. Mombasa ni kisiwa, na hewa yake ina maji na chumvi. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 na kukaa hapo siku kadhaa, ukungu huanza kuota kwenye karatasi, hasa kwenye majalada ya kitambaa na mahali palipo na gundi. Ndiyo sababu madirisha yanafungwa kiyoyozi kinapofanya kazi. Tunajua kuna wanaoyafungua kichinichini wapate upepo wa bahari. Upepo huo unaleta hewa yenye maji, inakutana na vitu vilivyopoa, na maji yanatulia juu yake, kama jasho linavyoota kwenye chupa uliyoitoa kwenye friji. Kwa chupa hiyo hiyo: maji mnaruhusiwa kuingia nayo yakiwa na kifuniko, lakini si ya barafu. Duara la maji linalobaki mezani ndilo linalolowesha jalada la atakayekaa baada yako.

Kwenye mashine ya kukausha hewa, ile iliyo pembeni mwa rafu za sheria, pana ndoo ndani. Ndoo ikijaa, mashine hujizima yenyewe, wala haipigi kelele. Masika ya Aprili na Mei inajaa upesi. Mwenye zamu ya asubuhi aimwage anapofungua, mwenye zamu ya usiku aimwage kabla ya kufunga, na kila mmoja aandike saa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Vitabu visigusane na ukuta wa nje. Ukiona madoa ya kijivu au ya kijani yenye kama vumbi la unga, usiyafute kwa kitambaa cha maji. Utayapaka ndani ya karatasi na kuyarusha kwenye vitabu vya jirani. Vaa barakoa, tia kitabu kwenye mfuko, ufunge, umletee mkutubi.

Na kitabu kikikulowea wewe, ndani ya tuktuk siku ya mvua au kwa dawa ya nywele iliyomwagika mkobani, kilete siku hiyo hiyo. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48, hasa kwa joto letu, kwa hivyo kitabu kilicholetwa mapema huokolewa, na kilichofichwa chini ya godoro hadi Jumatatu hakiokoki. Usikianike juani: karatasi hujikunja na jalada hupindana. Usikipige pasi. Kama kimelowa kidogo, kisimamishe wima, kurasa zimeachana kama feni, chini ya pangaboi la mwendo mdogo. Weka karatasi ya kunyonya maji kila baada ya kurasa ishirini hivi, uibadilishe ikilowa. Kikikaribia kukauka, kilaze chini ya uzito kinyooke. Kama kimerowa chepechepe, usikifungue kabisa, kwani karatasi iliyoloa huchanika kwa kuguswa. Na kama kurasa zake ni zile za kung'aa, zenye picha, kimbia nacho kikiwa bado na maji: zikikauka zimeshikana huwa tofali, hakuna wa kuzibandua. Maji ya bahari ni mabaya zaidi ya mvua, kwa sababu chumvi inayobaki inaendelea kuvuta unyevu hata kitabu kikionekana kikavu. Tuambie ni maji gani. Kusema ukweli hakukuongezei faini.

Chakula, mnajua. Lakini nitaje mabuyu kwa jina, kwa sababu watu hudhani si chakula. Ile rangi nyekundu inaganda kwenye vidole, vidole vinageuza ukurasa, na alama ya kidole gumba hubaki pembeni mwa jedwali la takwimu hadi kiama. Achari ya maembe ina mafuta juu ya rangi. Mabarazani kuna kivuli kizuri. Maliza huko, nawa mikono, ingia.

Ukurasa ukichanika, tafadhali usiweke selotepu. Gundi yake hugeuka manjano, hupenya karatasi, na ikitolewa hutoka na maandishi. Tuletee pamoja na kipande kilichotoka. Fotokopi nayo: kukibonyeza kitabu kwenye kioo hadi mgongo ulie ndio mwanzo wa kurasa kudondoka. Piga picha kwa simu, kitabu kikiwa kimefunguliwa nusu tu. Kitabu kizima hakitolewi kopi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi ya mwandishi hadi miaka 50 baada ya kufa kwake. Sehemu ya kusomea mwenyewe inaruhusiwa, kuzalisha kitabu kizima na kuwauzia wenzako darasani hairuhusiwi.

Majarida ya mtandaoni niyapitie kwa haraka, maana mafunzo yake yana siku yake. Vyuo vyetu hujiunga kwa pamoja kuyalipia kupitia muungano wa maktaba za Kenya, KLISC. Mtu akitafuta makala kwa Google akiwa nyumbani Mtongwe, tovuti inamdai dola 40, naye anakata tamaa. Usilipe hata senti. Umeingia kwa mlango usio wako. Mchapishaji hakujui kama ni mwanafunzi. Anza kwenye ukurasa wa maktaba, ingia kwa namba yako ya usajili, kisha tafuta. Kingine ni kupakua juzuu zima la jarida kwa programu ya kushusha faili mia kwa mkupuo: mchapishaji akiona hivyo hufunga chuo kizima, si simu yako peke yake, na kufunguliwa ni barua na siku kadhaa za kungoja.

Na kuna marejeo yanayotungwa na programu za akili mnemba. Yana jina la mwandishi, mwaka, juzuu, hata ukurasa, na makala yenyewe haijapata kuandikwa. Kabla ya kuja kaunta kuitafuta, weka kichwa chake ndani ya alama za kunukuu na utafute. Kisha fungua jarida lenyewe utazame juzuu la mwaka huo lina kurasa hizo. Kama juzuu linaishia ukurasa wa 180 na rejeo lako linataja 412, umeshapata jibu.

Wa mwaka wa mwisho, kliaransi, yaani kuthibitishiwa kwamba maktaba haikudai kitu. Anzeni wiki tatu kabla, si asubuhi ya kuchukua cheti. Hapa tunarudi kule kule tulikoanzia: kila mara kuna anayeapa kwamba amerudisha, na kweli amerudisha, ila amekipandisha rafuni mwenyewe bila kupita kaunta. Kwenye mfumo bado kiko mikononi mwake na faini inaendelea kuhesabiwa. Ukimtuma mwenzako, asiondoke bila karatasi ya kupokelewa yenye tarehe. Kitabu kikipotea kabisa, leta cha jina hilo hilo, toleo hilo au la baadaye, pamoja na risiti ya duka. Nakala ya fotokopi iliyoshonwa hatuipokei.

Wafanyakazi wanafunzi, mafunzo ni Jumatatu saa mbili asubuhi, kwenye rafu ya 496. Njooni na viatu vya kufunika vidole na kitambaa kikavu. Tutaanza na kamusi.